MTOTO AULIZWE KWA MDOMO



Walio na watoto Takawiri huletewa habari huku kazini kwamba mtoto "hajui hesabu". Twauliza: amepimwaje?

Mtoto huandika 7 + 5 = 12 bila taabu. Sasa mwambie: "Baba alikuwa na ngege kadhaa, akaongezewa 5, sasa anao 12. Mwanzo alikuwa nao wangapi?" Wengi watajibu 17, kwa kuwa wamesikia neno kuongezewa. Kujumlisha wanajua, habari yenyewe ndiyo iliyowapita. Na mwingine ameshindwa kusoma Kiingereza cha swali tu, akaitwa mjinga!

Mwaka 2009 watu wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba katika Kenya, wakipima watoto kwa kazi ya darasa la pili. Twasifu. Katika kipimo kiitwacho EGMA mtoto husomewa swali na kupewa vitu vya kuhesabia. Hiyo ndiyo haki.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mmoja. Serikali iongeze walimu. Nawe ukienda likizo, muulize mwanao kwa Kijaluo, mpe kokoto, utazame: ahesabu zote tangu moja, au aanzia saba na kuendelea? Kisha umweleze mwalimu wake.