Tanua suka!

Najua umezoea kona hii nikikuletea vituko vya mapenzi ya mjini. Leo nina jambo limenikaa kooni, nivumilie.

Basi bwana, ilikuwa mwaka 2019, asubuhi, mwenzenu nimebanana kwenye daladala la Segerea kwenda Kariakoo. Foleni ya kuingia Buguruni haisogei. Dereva alikuwa deiwaka, si unajua tena, gari si lake, mkataba hana, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili hata mvua ikinyesha mawe. Abiria tukaanza: "Suka vipi, umelala? Tanua bwana, tutafukuzwa kazi!" Nasema "tukaanza" kwa sababu na mimi nilikuwemo. Tena sauti yangu haijifichi.

Suka akatanua. Akashuka pembeni ya lami, akaongeza moto, watu kushangilia. Sekunde chache tu, puu! Kijana muuza maji, ndoo kichwani, alikuwa anapita zake pembeni, mahali ambapo gari halikutakiwa kuwapo.

Sielezi zaidi. Mama mmoja alitoa khanga yake ya begani akamfunika. Na huku amefunikwa, kuna abiria walikuwa wanamdai konda nauli zao! Deiwaka akatimua mbio, watu wakasema katoroka. Kumbe alikimbilia polisi, maana angebaki pale wenye hasira wangemmaliza.

Kesi ikaja. Mtaani walikuwa wanasema kaua, anyongwe. Wapi! Madereva wengi hawashitakiwi kwa mauaji. Lipo kosa la kuua bila kukusudia kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo chake chaweza kufika maisha, lakini huyu alisomewa la Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973: kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Mimi nikaitwa shahidi. Nikaulizwa gari lilikuwa upande gani, mwendo ulikuwaje, honi ilipigwa? Nikajibu. Hakuna aliyeniuliza nani alisema "tanua", nami sikujipendekeza kusema. Ningesema ingemsaidia? Sidhani, usukani alikuwa ameushika yeye, na kelele za abiria si utetezi. Lakini alinitazama yule bwana. Alinijua kwa sauti.

Hukumu: faini, akishindwa jela. Tajiri hakuonekana hata siku moja. Gari lake lilikaguliwa, likaonekana zima, akarudishiwa, akatafuta deiwaka mwingine. Wenzake wa kituoni walipitisha kofia, hela hazikutosha. Jamaa akaenda ndani.

Mama wa marehemu nilimkuta nje ya mahakama, akaniuliza hiyo faini atapewa lini. Jamani! Nikamweleza faini ni ya serikali. Chake yeye kiko kwenye bima ya mtu wa tatu, ile ambayo kila gari ni lazima iwe nayo, na inabidi aidai mwenyewe: karatasi za polisi, cheti cha kifo, nakala ya hukumu, nenda rudi, njoo kesho. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, naanzia wapi?" Nilimsindikiza kwa watu wa bima mara mbili. Ya tatu nikajifanya niko bize.

Wiki iliyopita nimepanda tena gari la njia ileile. Deiwaka mwingine, kijana mdogo kama kitinda mimba wa nyumbani kwetu. Foleni ni ileile. Nyuma yangu jamaa mmoja kavaa tai akapaza sauti: "Suka, tanua bwana!" Nikageuka nikamwambia anyamaze. Gari zima wakanicheka, konda akaniuliza kama mimi ni trafiki. Deiwaka kwenye kioo ananiangalia, anamwangalia mwenye tai, hajui amsikilize nani.

Nikashuka Buguruni. Kariakoo nilikwenda kwa miguu.