Tusiwahukumu Wahusika Bure

Tulipojadili riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, darasa zima lilipiga kelele: "Maimuna ni mhuni tu!" Hata mimi nilipiga. Kisha nikajiuliza, je, ni nani aliyemfungia ndani asiijue dunia? Si babake, Bwana Maksuudi? Bi Farashuu naye twamwita mwovu, lakini ana kisasi na Maksuudi kwa aliyomtendea bintiye. Sisemi wana haki, la! Kueleza sababu si kutetea kosa. Bali mwanafunzi anayetaja sifa ya mhusika bila kilichomsukuma amesoma nusu kitabu, na kesho atawahukumu jirani zake vivyo hivyo. Wahenga hawakukosea: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.