UCHAMBUZI: Meli zazidi kuwa kubwa, Meru na Embu zazidi kuwa mbali

KILA msimu wa meli za kitalii unapowadia Mombasa, taswira huwa ile ile. Meli ndefu kama mtaa mzima huingia Kilindini alfajiri, ngoma zikarindima gatini, wakuu wa utalii wakajipanga kuwalaki wageni, na idadi ya abiria ikatangazwa kwa fahari. Ni elfu moja, elfu mbili, pengine zaidi. Siku inayofuata, meli huwa imekwisha kung'oa nanga.

Katika miji ya Embu na Meru, iliyo kati ya kilomita 600 na 700 kutoka gati hilo, habari hizo hupokewa kwa hisia mbili zisizolingana. Wapo wazee, hasa walimu na watumishi wa umma waliostaafu, ambao huona picha hizo na kukumbuka meli za aina nyingine: ndogo, nyeupe, zenye sitaha za mbao na abiria waliofahamiana kwa majina kabla ya kufika Aden. Wapo pia wenye hoteli, madereva wa magari ya watalii na waongoza wageni wa Mlima Kenya ambao hawana haja na kumbukumbu. Swali lao ni moja: kati ya hao elfu mbili, ni wangapi watafika huku?

Jibu ni kwamba karibu hakuna. Na sababu za jibu hilo zinaonyesha kuwa maswali ya makundi hayo mawili, la wazee na la wafanyabiashara, kwa hakika ni swali moja.

Meli zinazotajwa zaidi katika kumbukumbu hizo ni mbili za kampuni ya British India, zilizopewa majina ya nchi zilizozihudumia. Ya kwanza ni Kenya, iliyoanza safari mwaka 1951; ya pili ni Uganda, iliyofuata Agosti 1952. Zote ziliundwa Glasgow na kampuni ya Barclay Curle. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa tani 14,000 na ushei, na ilichukua abiria wapatao 300 katika madaraja mawili. Zilitoka London, zikapita Gibraltar, Port Said, Mfereji wa Suez na Aden hadi Mombasa, kisha zikaendelea na safari ya kusini hadi Zanzibar, Dar es Salaam na Beira.

Hazikuwa peke yake. Kampuni ya Union-Castle ilikuwa na Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle, zilizolizunguka bara zima la Afrika. Lloyd Triestino ya Italia ilileta Africa na Europa. Kutoka Bombay zilikuja Karanja na Kampala, ambazo ndizo zilizozileta familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka katika miji ya bara. Wamisionari na waganga waliohudumu katika hospitali za misheni za Maua, Nkubu na Chogoria, wakati huo zote zikiwa katika wilaya ya Meru, walifika nchini kupitia bahari, pamoja na dawa zao, vitabu vyao na kengele za makanisa yao.

Meli hizo zilikuwa za abiria na za mizigo kwa wakati mmoja, na jambo hilo ndilo la kuzingatiwa zaidi ya umaridadi wake. Kahawa ilikuwa miongoni mwa shehena kuu za Mombasa. Waafrika wa Embu, Meru na Kisii walikuwa wa mwanzo nchini kuruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, na baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 zao hilo lilitapakaa katika miteremko yote ya mashariki mwa Mlima Kenya. Magunia yalipakiwa kwa winchi na kwa mabega ya makuli, gunia baada ya gunia. Kazi hiyo haikuweza kumalizika kwa siku moja. Meli ilikaa bandarini siku kadhaa, na abiria wake walikaa nayo.

Siku hizo kadhaa zilikuwa na maana kubwa. Abiria aliweza kupanda garimoshi la jioni Mombasa, akaamkia Nairobi, akaendelea kwa reli hadi Nanyuki au kwa barabara ya vumbi kupitia Embu. Waliofika hawakuwa wengi, na itakuwa ni kuipamba historia kudai vinginevyo. Lakini waliofika walikaa. Pig and Whistle mjini Meru na Izaak Walton Inn mjini Embu ni majina yaliyobaki kutoka enzi hizo. La pili ni la mwandishi Mwingereza wa karne ya 17 aliyesifu uvuvi wa ndoana, kwa kuwa wageni wa Embu walivutiwa na samaki aina ya trauti wa mito itokayo mlimani. Mtu mwenye haraka havui samaki kwa ndoana.

Hapa hata hivyo ndipo kumbukumbu inapopaswa kuchujwa. Uganda ilipofunga safari yake ya kwanza Agosti 1952, ilikuwa imebaki miezi miwili na ushei kabla ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari, Oktoba 20. Muda si mrefu baadaye, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hawakuweza kusafiri bila kitabu cha ruhusa, na Aprili 1954 maelfu yao walikamatwa Nairobi katika operesheni ya Anvil. Yaani wakati ambapo mlowezi alikunywa chai yake sitahani akitazama mwambao wa Mombasa, mkulima aliyepanda kahawa iliyokuwa chini ya miguu yake, ndani ya ngama, hakuruhusiwa hata kwenda Thika bila karatasi.

Kwa wengi wa kizazi kilichotangulia, meli ilikuwa ya vita. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipakiwa Mombasa kuelekea Ceylon na Burma. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na karibu watu 1,300 wakafa. Hakuna anayeikumbuka safari hiyo kwa umaridadi.

Kwa hiyo wazee wanaotamani meli za zamani hawawezi kuwa wanatamani ule mpangilio wa daraja la kwanza na la pili. Wengi wao hawakuupanda. Wanachokikosa, pengine bila kukitaja, ni mwendo: msafiri aliyekuwa na muda wa kuuliza njia na kununua ndizi barabarani.

Mwendo huo ulikufa haraka. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na ndege za jeti zikaifanya safari ya majuma matatu kuwa ya usiku mmoja. Mfereji wa Suez ulifungwa na vita vya Juni 1967 na haukufunguliwa tena hadi 1975. Kenya ilipelekwa kukatwa vyuma nchini Italia mwaka 1969. Uganda ilibadilishwa kuwa meli ya safari za wanafunzi, ikawa hospitali katika vita vya Falklands mwaka 1982, ikaishia Taiwan mwaka 1986. Karanja ilikoma safari zake za Afrika Mashariki mwaka 1976. Shehena nayo ikaingia kwenye makontena, na tangu hapo mizigo na abiria hawakuwa tena na sababu ya kupanda chombo kimoja.

Kinaya ni kwamba Meru ilipata umaarufu duniani wakati huo huo. Kitabu cha Joy Adamson kuhusu simba jike Elsa, aliyezikwa katika eneo la mbuga hiyo, kilitoka mwaka 1960; filamu ikafuata 1966, mwaka ule ule mbuga ya Meru ilipotangazwa rasmi. Jina lilifika mbali sawia na kutoweka kwa wageni wa mwendo wa pole. Haya yote hayapaswi kuwekwa mlangoni mwa meli pekee. Majangili wa miaka ya 1980 waliwamaliza faru wa Meru, na Agosti 1989 George Adamson akauawa huko Kora, jirani na mbuga hiyo. Kwa miaka mingi mtalii aliyeshauriwa vizuri aliikwepa sehemu hiyo. Hifadhi ya faru na ulinzi vimeirejeshea mbuga heshima yake, ila wageni hawajarudi kwa kiasi kinachoweza kulinganishwa na Maasai Mara.

Meli ndogo zilijaribu kurudi. Katika miaka ya 1990 Mombasa ilikuwa makao ya Royal Star, meli ndogo iliyowachukua watalii wa hoteli za pwani hadi visiwa vya Bahari ya Hindi. Zilikuja pia meli za anasa za abiria wasiozidi mia mbili au tatu. Lakini Novemba 5, 2005, maharamia wa Kisomali waliishambulia Seabourn Spirit, iliyokuwa ikielekea Mombasa, kwa bunduki na roketi. Meli iliponyoka na kugeukia Shelisheli, na kampuni nyingi zikaifuta Mombasa katika ratiba zao. Uharamia ulipungua baada ya 2012. Kuanzia Novemba 2023 mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yakaifunga tena njia ile ile ya Aden ambayo Kenya na Uganda ziliipita bila wasiwasi.

Zilizorudi ni kubwa. Norwegian Dawn, ambayo imewahi kutia nanga Mombasa, ina nafasi ya abiria zaidi ya 2,300, karibu mara nane ya Uganda. Hiyo si kubwa kwa viwango vya leo. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 nchini Marekani, inaweza kubeba hadi abiria 7,600, idadi inayotosha kuujaza mji mdogo kama Runyenjes siku ya soko na wengine wakabaki nje.

Meli ya namna hiyo ni hoteli inayoelea, na mwenye hoteli hataki mgeni alale kwa jirani. Abiria wamekwisha kulipia kitanda, chakula na burudani. Kila saa ya kukaa gatini ni gharama, na kila saa ya kuwa baharini maduka na kamari za melini ziko wazi. Ndiyo maana ratiba haina huruma. Machi 2024 Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha Sao Tome kwa sababu walichelewa kurejea kutoka matembezini, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima.

Sasa mtu na apige hesabu ya Meru kwa saa hizo. Garimoshi la SGR huchukua takriban saa tano kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kutoka hapo hadi Meru kwa gari ni nusu siku nyingine. Mgeni aliyeshuka alfajiri angefika usiku, na wakati huo meli inaondoka. Ndege ndogo ya kukodi humfikisha mbugani kwa muda mfupi, ila kwa bei ambayo wachache huikubali kwa matembezi ya saa chache. Anachoweza abiria wa meli kubwa ni Fort Jesus, Shimba Hills, au lango la Tsavo Mashariki na kurudi mbio. Serikali za kaunti zinazochapisha vijitabu vya Mlima Kenya kwa ajili ya abiria hao zinapoteza wino.

Hali si hiyo kwa meli ndogo. Kampuni kama Ponant ya Ufaransa huendesha meli za abiria wasiozidi 300, na meli za aina hiyo huonekana Shelisheli na Zanzibar. Wateja wake hulipa zaidi, na aghalabu safari huanzia katika bandari moja na kumalizikia nyingine. Hapo ndipo penye nafasi ya Meru na Embu. Mgeni anayepanda au kushuka Mombasa huja au huondoka kwa ndege, na kabla au baada ya bahari anaweza kuwa na juma zima la nchi kavu. Jikoni pia kuna nafasi: meli ya watu mia mbili inaweza kununua maembe ya Mbeere, ndizi za Meru na mishiri ya Embu kwa oda ya lori moja, ilhali ile ya elfu mbili huagiza vyakula miezi kadhaa kabla, kwa mkataba unaosainiwa mbali na hapa.

Nchi nyingine zimeanza kuchagua. Tangu Agosti 1, 2021, Italia imezizuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita katika mfereji wa Giudecca, Venice. Uganda na Kenya, za tani 14,000 kila moja, zingepita bila shida. Mombasa haina sababu ya kufukuza meli yoyote, na jengo jipya la abiria Kilindini lilijengwa ili lijae. Hata hivyo hakuna kinachoizuia bandari kutoza ada nafuu kwa meli inayokaa siku tatu, au inayoanzia safari yake Mombasa, kuliko ile inayokaa saa kumi na mbili.

Kikwazo kiko katika hesabu yenyewe. Kinachotangazwa gatini ngoma zinapolia ni idadi ya vichwa. Usiku ambao mgeni amelala nchini hautangazwi, na ndio pekee ambao mwenye hoteli wa Embu anaweza kuutia kwenye daftari lake.