Jamaa Wakienda Matembezini, Nani Apumzike?



Ndugu yetu mmoja wa Kigera, Musoma, ametuandikia barua fupi yenye swali kubwa. Asema kuwa ana watoto wanne, na mama yake mzazi yu pamoja naye nyumbani. Watoto wameomba wapelekwe kwenye bembea siku ya pili ya Idi, naye baba yu tayari kuwapeleka. Lakini mkewe amemjibu kwa upole kwamba waende wao, yeye atabaki nyumbani, kwa sababu matembezi ya mwaka uliopita yalimchosha kuliko siku ya kufua. Ndugu yetu auliza afanyeje.

Twamshukuru kwa kuuliza, maana wengi wangelipuuza jibu kama hilo, wakafunga mlango na kuondoka. Bibi huyu hakukataa furaha. Amekataa kazi iliyovikwa nguo za furaha, na haki yake.

Tazameni matembezi yalivyo katika nyumba zetu nyingi. Mama huamka usiku wa manane kupika pilau na kukaanga maandazi. Kukicha huwaogesha watoto na kuwavisha, kisha yeye mwenyewe hujitupia buibui kwa haraka wakati gari linapiga honi. Wakifika kiwanjani, hutandika mkeka, hupakua chakula, huosha sahani, huwafuta watoto pua, na hulinda viatu vya waliopanda bembea. Baba huketi kivulini akizungumza na rafiki zake. Wavulana huzunguka juu ya farasi wa mbao. Na binti mkubwa, ambaye naye ni mtoto, husimama penye uzio na mdogo wake mgongoni, akiwatazama nduguze wakicheka. Jioni yasemwa kuwa jamaa wamestarehe. Ni jamaa gani hao waliostarehe?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku moja ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza msikitini kwa mikuki na ngao, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsimamisha Bibi Aisha nyuma yake ili atazame. Hakumharakisha, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Kipimo cha furaha ile kilikuwa ni hamu ya yule aliyepelekwa kutazama. Na Bibi Aisha huyo huyo alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Mwenye kuyazingatia mambo haya mawili hatapata taabu ya kupanga siku ya jamaa.

Sasa na tumpe ndugu yetu mashauri yetu, moja baada ya jingine.

La kwanza ni shauri la nyumbani. Siku tatu au nne kabla ya safari, jamaa wote waketi pamoja baada ya Isha, na kila mmoja, hata mtoto wa miaka mitano, aseme jambo moja analolitamani siku hiyo. Bibi mzee huenda akataka tu kuketi mahali penye upepo na kuona watu. Mama huenda akataka saa moja asiitwe na mtu. Yote mawili yaandikwe. Kisha kazi zigawanywe kwa majina: baba achukue maji na mkeka; kijana mkubwa aoshe vyombo; mdogo wake akusanye takataka. Mtoto mchanga abebwe kwa zamu, na baba awemo katika zamu hiyo. Kazi isiyokuwa na jina humwangukia mama sikuzote.

La pili ni fedha. Ni aibu siku ya furaha kulipwa kwa deni la miezi mitatu. Tuseme jamaa hawa saba wana shilingi 40,000. Watenge shilingi 10,000 za nauli ya kwenda na kurudi, shilingi 12,000 za chakula na maji, shilingi 12,000 za michezo, na shilingi 6,000 ziwe akiba ya dharura. Tumetoa hesabu hii kwa mfano tu, na bei za mahali penyewe ziulizwe mapema. Ikiwa mchezo mmoja ni shilingi 1,000, basi kila mtoto atapata michezo mitatu, na aambiwe hivyo tangu nyumbani ili achague kwa akili yake. Mtoto aliyejua hesabu yake halii sana langoni. Nauli ya kurudi ifungwe katika pindo la kanga, wala isiguswe hata kwa ajili ya aiskrimu.

La tatu ni chakula. Pilau iliyopikwa usiku, ikafungiwa ndani ya sufuria vuguvugu na kuliwa saa 8 ya mchana, yaweza kuleta maradhi ya tumbo kwa nyumba nzima. Wataalamu wa afya wafundisha kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Basi vichukuliwe vyakula visivyoharibika upesi: mikate, karanga, ndizi, machungwa, na maji safi ya kutosha. Na kwa kuwa Musoma ni mji wa samaki, wale wenye nafasi wanunue sato wa kuchomwa huko huko, aliyetoka motoni wakati huo. Hivyo afya italindwa, na mama atalala usiku kama wenzake.

La nne ni saa. Huko Musoma Adhuhuri huingia karibu na saa 7 kasoro robo, Alasiri karibu na saa 10, na Magharibi karibu na saa 1 ya jioni, hupungua au kuzidi kidogo kwa kufuata miezi. Jamaa wakiondoka nyumbani saa 3 za asubuhi, watoto watacheza kabla jua halijawa kali, na watu hawajawa wengi. Adhuhuri iwe ndiyo wakati wa kusali, kula na kupumzika. Wacheze tena kidogo, wasali Alasiri, kisha waanze safari ya kurudi wakingali na furaha. Anayengoja mpaka watoto wachoke kabisa hurudi na kilio, na usafiri wa jioni ya Idi ni wa kugombania. Aidha, mwezi wa Aprili ni wa masika katika pande hizo. Idi ikiangukia mwezi huo, yafaa liwepo shauri la pili endapo mvua itanyesha.

La tano ni michezo yenyewe. Bembea za sikukuu si jambo geni kwetu. Huko Mombasa watoto wa zama nyingi wamesherehekea Idi katika uwanja wa Makadara, na Unguja katika viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako watu wa mwambao huziita pembea. Unguja pia kipo kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo. Katika miji ya bara, viwanja vidogo hufunguliwa penye nafasi tu, na vyombo vyake huhamishwa kutoka mji hadi mji. Kwa sababu hiyo yampasa baba avitazame kwa macho yake kabla ya kukata tiketi. Je, chombo kimesimama imara juu ya ardhi iliyo sawa? Je, kila kiti kina mkanda au mnyororo wa kufungia? Je, yupo mtu mzima anayesimamia, na husimamisha chombo kabisa kabla watoto hawajashuka? Kama jibu la moja ni hapana, fedha zirudi mfukoni bila haya.

Yako pia majumba ya mpira yanayojazwa upepo, ambamo watoto huruka-ruka. Yaonekana laini kama godoro, lakini upepo wa nje huweza kuyanyanyua. Mwezi wa Desemba mwaka 2021, katika mji wa Devonport nchini Australia, upepo ulilinyanyua jumba la namna hiyo katika sherehe ya shule, na watoto 6 wakafariki. Pande za ziwani upepo wa mchana wajulikana na wote. Jumba lisilofungwa kwa kamba na vigingi imara kila pembe halifai kuingiwa, na upepo ukizidi watoto watolewe mara moja.

Tena, mitandio mirefu, kanga na kanzu za watoto zikunjwe na kufungwa vema kabla ya kupanda chombo kinachozunguka, na hata kabla ya kupanda bodaboda, kwa sababu nguo inayoning'inia hunaswa na gurudumu kwa kufumba na kufumbua. Nambari ya simu ya mzazi iandikwe katika karatasi na kutiwa mfukoni mwa kila mtoto. Wakifika, jamaa wote waoneshwe mti mmoja au lango moja la kukutania. Mtoto afundishwe kwamba akipotea asikimbie huku na huko. Asimame, kisha amwendee mama yeyote mwenye watoto na kumwomba msaada.

La sita ni ziwa, na hapa twaomba ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama watusikilize sana. Nyanza ni neema kubwa: ni riziki, ni upepo mwanana, ni mandhari ambayo watu wa mbali hulipa fedha nyingi kuiona. Lakini lina mamba na viboko, na katika maji yake ya kina kifupi penye majani huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi, kwa hiyo mtoto huambukizwa kwa kusimama tu majini, hata kama hakuyanywa. Basi watoto wacheze mchangani, na kuoga iwe kwa maji ya bomba. Na shule zinapogawa dawa za kichocho, mzazi asimzuie mwanawe kumeza.

Ama kupanda mtumbwi kwa ajili ya kujifurahisha, asipande mtu asiye na jaketi la kuokolea lililomkaa sawasawa, wala asipande mtu katika chombo kilichojaa kupita kiasi. Hatusemi haya kwa kutishana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimepakia watu kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Na mwezi wa Julai mwaka 2023, katika wilaya ya Bunda, mitumbwi ilizama na kuua watu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Hao walikuwa wakirejea nyumbani kutoka katika ibada, watu wenye nia njema kabisa. Nia njema haimwelezi mtu juu ya maji.

La saba ni kwa wale ambao hawana kiwanja cha bembea karibu, au mfuko wao hauruhusu. Furaha ya watoto haikufungwa katika vyuma vinavyozunguka. Kamba moja imara juu ya mwembe, mpira mmoja, na baba anayekubali kukimbia na wanawe, hutosha kwa asubuhi nzima. Na jamaa wanaotaka safari yenye elimu ndani yake wanayo Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999, ambapo pana makumbusho ya maisha yake. Kwanza wapitie shule ya Mwisenge mjini Musoma, ambako Mwalimu alianza masomo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Kijana anayedhani kuwa amechelewa kusoma atapata hapo la kumtia moyo, na bibi mzee huenda akawa ndiye mwalimu bora wa siku hiyo, kwa kuwa ana ya kusimulia kuliko yaliyoandikwa ukutani.

Sasa twarejea kwa ndugu yetu wa Kigera. Usimwendee mkeo kumuuliza kama atakwenda au hatakwenda, maana jibu la swali hilo umekwisha lipata. Muulize ni lipi lililomchosha mwaka uliopita, umsikilize mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha mwambie ni kazi zipi kati ya hizo utakazozifanya wewe kwa mkono wako, na zipi watazifanya wanao. Ukisha kumwambia, zianze kazi hizo tangu usiku wa kuamkia safari, mbele ya macho yake, kwani ahadi za matembezi amezisikia nyingi. Kama hata baada ya hayo atapendelea kubaki nyumbani na kulala, basi hiyo ndiyo starehe aliyoichagua. Mwachie nyumba iliyofagiwa na chakula kilichokwisha pikwa, uende na watoto wote, na mchanga ukimchukua wewe ikiwa umri wake waruhusu kuachana na mama.

Na mtakapofika langoni, wote au nusu yenu, mchukue mdogo mgongoni mwa binti yako mkubwa, na tiketi ya kwanza mkatie yeye.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu upendo na salama. Amin. Wassalaam.