Kunguru wa Mtaani Tunamlisha Wenyewe

Leo tuyaweke kando mambo ya mapenzi na kumbi za starehe, tuzungumzie kuku. Usicheke! Wewe unayejifanya mtoto wa mjini, ukipita uani unakunja suruali usikanyage kinyesi, hebu kamuulize bi mkubwa wako ada ya kidato cha pili aliitoa wapi. Wengi wetu tumesomeshwa na kuku, ila tunaona haya kusema.

Huku kwetu Tandika nyumba zenye kuku ni nyingi kuliko zenye geti. Jioni wafugaji hukusanyika chini ya mwarobaini, nyuma ya nyumba ninayopanga, nami huwa natoa kiti changu nikasikilize. Pale utajua mchicha wa nani umestawi, papai la nani limetobolewa na ndege kabla mwenyewe hajalionja, na kuku wa nani katotoa. Ila siku hizi mada ni moja tu: kunguru.

Yupo mama mmoja ambaye vijana wote wa mtaa tunamwita shangazi. Kuku wake aliatamia mayai 13, siku 21 zilipotimia vikatoka vifaranga 11. Wiki mbili baadaye vimebaki 3!

“Wanangu, siyo mdondo wala siyo wezi,” anasema. “Ni yule mwenye shingo ya kijivu. Wanakuja wawili. Mmoja anamvuta mama mtu mkia, akigeuka kupigana naye, mwenzake kashabeba.”

Usione hayo ni masihara. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa mjini hapa ukimpata kwa sh. 20,000 unashukuru Mungu. Vifaranga 8 vikikua ni sh. 160,000. Kwa shangazi hiyo ni sare ya shule, madaftari na viatu vya mjukuu wake. Kunguru kavimeza vyote, tena mchana kweupe!

Basi bwana, kijana mmoja akadakia kwamba mwewe naye ni mshirika wao, wote wauawe. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, akamkata kauli. “Usichanganye madawa, mjukuu wangu. Mwewe ni mwenyeji hapa. Anazunguka juu, jogoo anamwona, anapiga kelele, vifaranga vinaingia chini ya mama yao. Kunguru anakaa ukutani anakusoma ukiingia ndani kuchukua maji.”

Mzee hakukosea. Jogoo ana mlio wake wa hatari ya angani na mwingine wa hatari ya ardhini, kama paka. Lakini kunguru ambaye kutwa yuko batini na uani, kuku kishamzoea kama mpangaji mwenzake.

Tena mpangaji huyo ni mhamiaji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, enzi za Waingereza, eti asaidie kusafisha taka za mji. Kusafisha akasafisha, ila akaona na mayai ya ndege wengine ni taka pia! Akazaana, akavuka bahari, leo pwani nzima ni yake. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe kama kavaa fulana, siku hizi kumwona katikati ya Dar ni bahati. Jirani zetu Kenya nao uzalendo uliwashinda: Juni 2024 walitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa milioni 1 kabla mwaka ule haujaisha.

Kusikia hivyo, yule kijana akasema dawa ni sumu, atege kwenye utumbo wa samaki. Shangazi akamkemea: “Na kuku wangu je? Na paka wa watu? Na watoto wanaochezea kila kitu?” Hapo nilimuunga mkono. Sumu ya kunguru ni kazi ya wataalamu wenye dawa maalumu, siyo ya mtu na kopo lake la dukani. Anaweza kula hata bundi, ambaye mnampiga mawe mkidhani kaleta uchawi, kumbe kaja kula panya wanaowaibia mayai usiku!

Sasa nikuulize msomaji, kunguru wote hawa wanaishi kwa kula vifaranga tu? Haiwezekani, vifaranga havitoshi. Tembea hadi kona ya mtaa wako saa kumi na mbili asubuhi uangalie jalala. Matumbo ya samaki, mabaki ya chipsi, wali uliochacha, nepi za watoto. Kunguru wanapata staftahi pale mpaka wanacheua. Wakishashiba wanakuja uani kwa shangazi kutafuta kitindamlo. Na jalala lile limejazwa na nani? Na mimi na wewe, tunaotupa mfuko usiku tukidhani hakuna anayetuona. Mvulana wa Zanzibar ya 1890 hakuwepo, sisi tupo. Tunamlaani kunguru mchana, usiku tunampakulia.

Pale mwarobaini ndipo nilipopata somo la bure. Mzee wa reli hana hata kifaranga kimoja kilichobebwa mwaka huu, wala hana bunduki. Ana shimo. Maganda, majani na mabaki ya mboga yote anayafukia humo, anachanganya na kinyesi cha kuku, anafunika kwa udongo. Kinyesi kibichi hakiweki kwenye mboga kwa sababu kinaunguza. Anakiacha kioze miezi miwili hivi, ndiyo anakipeleka kwenye tuta. Mchicha wake ukioteshwa, baada ya wiki tatu au nne unakatwa, na majirani wanapanga foleni. Uani kwake kunguru akitua haoni cha kuokota, anaondoka.

Vifaranga vyake kwa wiki za mwanzo haviachiwi kuzurura. Vinakaa na mama yao ndani ya banda dogo lenye wavu, au chini ya tenga akiwa karibu. Pumba haziachwi nje usiku kucha, kwa sababu zinaita panya na shomoro, na ndege wa porini wanaweza kuleta magonjwa. Chanjo ya mdondo haikosi: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili ndege aogope. Mzee anacheka tu, anasema kunguru hajali fasheni.

Kwa hiyo washikaji, kuna dili hapa wala halihitaji mtaji wa kutisha. Wewe mwenye nguvu unayeshinda kijiweni, mchimbie shangazi wa mtaani kwako shimo, mgongomelee wavu, akupe japo kuku wa kuanzia. Halafu ongeeni na mjumbe lile jalala la kona liondolewe, gari la taka lije kweli, na kila nyumba ifukie ya kwake. Nyumba moja ikifukia taka na kumi zikatupa, kunguru hana shida, anahama ukuta tu.

Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Sawa, lakini lazima kwanza aishi mpaka afikie umri wa kuchakura. Na kama usiku wa leo una mfuko wa takataka mkononi, unanyata kuelekea kona, ujue kuna mjukuu wa mtu anasubiri viatu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Ukibisha, shauri yako!