Mtoa Taarifa, Gazeti na Mkono wa Serikali

Sheria ya Tanzania ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 humkinga mtoa taarifa, yaani mtu anayefichua kwa nia njema uhalifu au ubadhirifu anaoujua, asifukuzwe kazi wala kuonewa kwa sababu ya kufanya hivyo. Lakini sheria hiyohiyo humtaka apeleke taarifa yake kwa mamlaka husika, ambayo ni kiongozi wa taasisi au chombo cha dola chenye uwezo wa kuchunguza, na mhariri wa gazeti si mmoja wa hao. Hoja ya makala haya ni kwamba ulinzi wa namna hiyo humtupa mtu pale hasa anapouhitaji, pale mpokea taarifa anapokuwa ndiye mtuhumiwa.

Mtumishi wa halmashauri anayeishi Moshono, ambako jiji la Arusha linazidi kutanuka na mashamba yanageuka viwanja, anaweza kugundua kwamba eneo la umma limemilikishwa mtu binafsi kwa nyaraka za kughushi. Akienda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huenda akasikilizwa. Lakini faili likikaliwa, naye akaamua kumpa mwandishi wa habari nakala, kinga yake inatoweka, na iwapo nyaraka hizo zimegongwa muhuri wa siri, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inaweza kumgeuza yeye kuwa mhalifu. Mwandishi naye hayuko salama. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao kwa kuzuia uchunguzi, baada ya kukataa kulikabidhi jeshi la polisi taarifa za watu waliochapisha tuhuma bila kujitaja, na mashtaka hayo yalimwandama hadi 2020.

Kenya ilikwisha kuonyesha mwisho wa njia hiyo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyeona jinsi kampuni ya Goldenberg ilivyokuwa ikilipwa mamilioni kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo, alivujisha nyaraka zilizowafikia wabunge wa upinzani; mwaka 1993 akakamatwa na kushtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa kesi haikusimama, kazi hakurudishiwa, akafariki mwaka 2006 akiwa fukara. Taifa lililookolewa na ujasiri wake halikumtendea haki, na aibu hiyo haijafutika.

Majibu ya kisheria yamekwisha kutolewa na mahakama mbili zenye makao yake Arusha. Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Burkina Faso ilivunja haki ya uhuru wa maoni ilipomfunga mhariri Lohé Issa Konaté kwa makala yaliyomtuhumu mwendesha mashtaka. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, Juni 2018, ilibatilisha amri ya waziri wa Tanzania iliyolifungia gazeti la Mseto kwa miezi 36, na Machi 2019 ikatamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwemo vya uchochezi na kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Marekebisho ya sheria hiyo ya 2023 yalipunguza makali kiasi, si yote.

Lakini Novemba 2019, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, hivyo kwa mambo yaliyotokea baada ya uamuzi huo kuanza kutumika Novemba 2020, mkazi wa Moshono, anayeishi jiji moja na mahakama hiyo, ana haki pungufu kuliko raia wa Burkina Faso. Kilichobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo hutaka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tendo linalolalamikiwa, muda ambao mtu aliye mahabusu anaweza kuumaliza akisubiri tu dhamana. Kwa hiyo tamko hilo lirejeshwe, na sheria ya 2015 imtambue mhariri kuwa mpokeaji halali wa taarifa pale mamlaka husika inapokaa kimya au inapotuhumiwa yenyewe.