Hodi ya Uso Unaoujua

Usiku mtu akibisha hodi, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Akijibiwa "Mimi," haridhiki: "Mimi nani?" Komeo haliguswi mpaka sauti itambulike. Tangu enzi za mababu sauti ilitosha. Leo haitoshi tena.

Ndugu msomaji, akili mnemba sasa inaiga sauti na sura ya mtu hata mamaye asitofautishe. Mapema mwaka 2024 zilitoka habari za mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong. Aliitwa kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha, akawaona na wenzake wa kazini, wote wakiongea. Kumbe wote walikuwa wa kughushi! Aliwahamishia matapeli takriban dola milioni 25.

Muuza mahindi wa Namanyere atasema, "Ya Hong Kong yananihusu nini?" Yanamhusu sana. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Na tuseme kweli japo inauma: taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeutaja mara kwa mara mkoa wetu wa Rukwa miongoni mwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Mafundi wa kazi hiyo tunasalimiana nao sokoni. Jana walitumia maandishi. Kesho watakuja na sauti ya mwanao aliye chuoni Mbeya, akilia kwamba yuko hospitali.

Penye sarafu mtandao ndipo pabaya zaidi. Uso wa tajiri au kiongozi hutokea kwenye simu ukiahidi kwamba fedha itazaa maradufu. Mwaka 2009 watu wa taasisi ya upatu ya DECI waliuita mchezo wa namna hiyo "kupanda mbegu". Watu wakapanda, wengi hawakuvuna. Mkulima wa Nkasi anajua mahindi hayakomai kwa wiki moja. Shilingi itakomaaje? Benki Kuu ilikwisha kutangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Tena ukikosea muamala wa simu, ukiwahi kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja, huenda fedha ikazuiwa. Sarafu mtandao ikishaondoka haina wakala wa kumfuata wala dirisha la kulalamikia.

Tufanyeje basi? Ukipigiwa kwa pupa, kata, kisha piga wewe namba uliyoihifadhi. Namba ya siri asitajiwe mtu. Ujumbe wa kitapeli upelekwe 15040. Nanyi wazazi, kijana akileta pikipiki mpya ilhali hana shamba wala duka, msimpigie vigelegele, muulizeni.

Zaidi ya yote, leo jioni, ugali ukishaliwa, kaeni na watoto mchague neno moja la siri la nyumba yenu. Atakayekuja na uso wa mwanao bila neno hilo, asifunguliwe.